Rasilimali za PHP: yanayosemwa na yanayotendeka ndani ya injini

PHP 8.0, toleo la lugha ya programu inayotumika sana kwenye seva za tovuti, ilipotoka Novemba 2020, programu nyingi za zamani zilianza kudai kwamba cURL, maktaba ya kutuma maombi kwenye mtandao, imeshindwa kuanza, na kumbe ilikuwa imeanza vizuri tu. Lawama ikaangukia seva, mtandao, au toleo jipya lenyewe. Chanzo kilikuwa jinsi injini ya PHP inavyotunza rasilimali, yaani vitu kama faili lililofunguliwa, kipindi cha cURL au picha iliyomo kwenye kumbukumbu. Mambo hayo yamerahisishwa hatua kwa hatua kwa miaka mingi, ila maelezo yanayozunguka bado ni yale ya zamani.

"Rasilimali ni namba tu"

Zamani ilikaribia kuwa kweli. Ukiandika `var_dump(STDIN)`, yaani onyesha kilichomo kwenye mkondo wa kuingizia data, kwenye terminali unapata `resource(1) of type (stream)`, na hiyo 1 ndiyo inayowakaa watu kichwani. Katika PHP 5 kigeu kilibeba namba hiyo peke yake, kama mtu aliyeacha mzigo wake na kupewa kibandiko. Mzigo wenyewe ulikaa kwenye jedwali la injini. Kila fanksheni iliyotaka kusoma faili ilikwenda jedwalini, ikatafuta namba, ikahakiki aina, ndipo ikapata kielekezi, yaani anwani ya data halisi kwenye kumbukumbu. Juu ya hayo, marejeleo, yaani idadi ya wanaokishikilia kitu, yalihesabiwa mara mbili: kwenye kigeu, na tena kwenye ingizo la jedwalini.

PHP 7, iliyotoka Desemba 2015, ilikata kona hiyo. Kigeu sasa kinaelekeza moja kwa moja kwenye muundo mdogo uitwao `zend_resource`, wenye hesabu ya marejeleo, namba, aina na kielekezi. Jedwali halikufutwa, injini inalihitaji ili ombi linapomalizika iweze kufunga kila kilichosahauliwa. Lakini kusoma faili hakupitii tena huko, na namba imebaki kuwa kitambulisho.

"fclose() na unset() hufanya kazi ileile"

Fungua faili kwenye `$a`, kisha andika `$b = $a`. Ukiita `unset($a)`, faili linabaki wazi, kwa sababu `$b` bado inalishikilia. Ukiita `fclose($a)`, faili linafungwa kwa wote wawili. Ndani, injini huita fanksheni ya kufunga, huiandika aina kuwa -1 na kufuta kielekezi, lakini muundo wenyewe hukaa mpaka rejeleo la mwisho liondoke. Ndiyo maana `$b` haipotei: `is_resource($b)` inarudisha `false`, na tangu 7.2 `gettype($b)` inakujibu `resource (closed)`.

"is_resource() ndiyo inayokuambia kama imefaulu"

Hapa ndipo programu nyingi zilipovunjikia. Mstari ulikuwa huu: `if (!is_resource($ch))`, kisha ujumbe wa hitilafu. Tangu 8.0, `curl_init()` hairudishi rasilimali. Inarudisha objekti ya klasi `CurlHandle`. Kipindi ni kizima, ila swali lililoulizwa silo. Tulichotaka kujua ni kama kazi imefaulu, tukauliza ni ya aina gani. Ikishindwa, fanksheni hiyo hurudisha `false` sasa kama ilivyokuwa ikirudisha zamani, kwa hiyo `if ($ch === false)` inafanya kazi kwenye matoleo yote.

cURL haikuwa peke yake. `hash_init()` ilitangulia katika 7.2 kwa kurudisha `HashContext`. Picha za GD (maktaba ya picha ya PHP) na soketi zikafuata katika 8.0, kisha miunganisho ya FTP na PostgreSQL katika 8.1. Sababu si urembo. Objekti tayari zina utaratibu kamili ndani ya injini: nani anaruhusiwa kuziunda, zinakiliwaje, nini kifanyike zinapoachiliwa. Kuwa na mfumo wa pili unaofanya robo ya kazi hiyohiyo kulikuwa mzigo kwa watunzaji. Tena objekti inaweza kutajwa kwenye saini ya fanksheni, jambo ambalo rasilimali haijawahi kuweza.

"Kilichobadilika ni jina, kwa hiyo (int) bado inatosha"

Huu ndio mtego ninaouogopa zaidi, kwa sababu hausimamishi programu. Zamani wengi walitumia `(int)$picha`, yaani kuigeuza rasilimali kuwa namba kamili, kupata ufunguo wa safu, kila picha na namba yake. Kwa `GdImage`, klasi ya picha za GD tangu 8.0, mabadiliko hayo hutoa onyo kisha kurudisha 1. Kila picha inapata 1. Kama maonyo yamezimwa, picha zinaandikana moja juu ya nyingine na hakuna anayejua. `CurlHandle` imeachiwa nafuu: kwake `(int)` hurudisha namba ya objekti, ili programu za zamani zisivunjike.

Hata `spl_object_id()`, inayorudisha namba ya objekti, inataka uangalifu. Namba ya objekti inaweza kutumika tena baada ya objekti ya kwanza kufa, wakati namba za rasilimali zilikuwa zikipanda tu ndani ya ombi moja. Anayetaka kuambatanisha taarifa na kipindi cha cURL atumie `WeakMap`, iliyoingia pamoja na 8.0; objekti ikifa, ingizo lake huondoka nalo.

"Bila curl_close() kumbukumbu itavuja"

Tangu 8.0 fanksheni hiyo haifanyi lolote. Kipindi hufungwa rejeleo la mwisho linapoondoka, papo hapo, bila kumsubiri mkusanya taka, sehemu ya injini inayosafisha kumbukumbu. Yeye huhitajika objekti zinaposhikana kwa mzunguko. Ukitaka kufunga mapema, `unset($ch)` inatosha, mradi hakuna kigeu kingine kinachoishika.

"Rasilimali zimekwisha"

Bado. `fopen()` inarudisha rasilimali hadi leo, na mikondo ya data imeenea kila mahali kiasi kwamba kuibadilisha kungegusa karibu kila programu inayosoma faili. Matokeo yake ni kwamba fanksheni inayopokea faili haiwezi kutamka hivyo kwenye saini yake. Ukiandika `function soma(resource $f)`, PHP inachukulia `resource` kuwa jina la klasi. PHP 8 hukuonya mapema. Ukipuuza na kuiita kwa faili halali, unapata malalamiko kwamba kigezo `must be of type resource, resource given`. Acha kigezo bila aina, kisha ndani ya fanksheni kague kwa `is_resource()` na `get_resource_type()`. Kwa mikondo, swali la aina bado ni halali.