Mpira mweupe haupindi kwa misuli

Simama nusu saa pembeni mwa meza ya puli, iwe Mwanakwerekwe au Chake Chake, utakuta walimu ni wengi kuliko wachezaji. Mpira mweupe ukizibwa tu na mpira wa mpinzani, kila mtu ana dawa yake. "Upige ubavuni, ami!" "Zungusha mkono!" "Tia nguvu bwana wee, unaogopa nini?" Mpigaji anamfuata aliyepaza sauti zaidi, mpira unakwenda ulikotaka wenyewe, na lawama anabebeshwa mwenye meza.

Ushauri mwingi wa namna hiyo umekaa kombo kwa sababu moja: watu wanaamini kwamba kinachopinda mpira ni fimbo. Si fimbo, ni kitambaa. Fimbo inaupa mpira mzunguko wa aina fulani, kisha kazi yake imekwisha. Yanayofuata ni baina ya mpira na kitambaa.

"Ukiupiga ubavuni, unapinda"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na imedumu kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake. Tuseme fimbo imelala sawasawa na meza, nawe ukaupiga mpira kulia mwa kitovu chake. Mpira utasonga mbele huku ukizunguka kama pia. Mzunguko wa pia una mhimili uliosimama wima, na pale mpira unapogusa kitambaa ndipo mhimili wenyewe unapopita. Kwa hiyo hapana kitu kinachousukuma kushoto wala kulia. Utakwenda moja kwa moja, na ule mzunguko utauona ukigonga ukingo, mpira unaporudi kwa pembe usiyoitarajia.

Ili upinde, mhimili lazima uiname. Na mhimili unainama pale unapoinua kitako cha fimbo, ncha ikashuka na kuugonga mpira ubavuni kwa kuteremka. Hapo sehemu ya chini ya mpira inakuwa inafagia kitambaa kwa mshazari, kitambaa kinakataa, na ule msuguano unausukuma mpira wote upande mmoja. Hali hiyo inaendelea maadamu mpira unateleza. Ukishaacha kuteleza na kuanza kubiringika wenyewe, basi, umemaliza kupinda, unanyooka hadi usimame.

Aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Mfaransa, Gaspard-Gustave Coriolis, katika kitabu chake cha mchezo wa biliadi cha mwaka 1835. Ndiye yule yule ambaye wanajiografia humtaja wanapoeleza kwa nini upepo wa kusi, ukishaivuka ikweta, hupindia kulia kuelekea Bara Hindi. Alionesha kwamba mpira unaoteleza hivyo huchora parabola, yaani mkunjo mmoja laini, wala si kona ya ghafla.

Sasa ile chembe ya ukweli. Kingo za meza zimenyanyuka juu ya kitambaa, kwa hiyo fimbo hailali sawasawa hata siku moja. Kitako huwa juu kidogo. Ndiyo kusema kila pigo la ubavuni hupinda kidogo, hasa likiwa la polepole. Mchezaji anauona mkunjo, sifa anaupa ubavu, na ule mwinuko mdogo uliofanya kazi hautajwi.

"Ukipiga kulia, unaanza kulia papo hapo"

Kinyume chake. Ukigonga upande wa kulia, mpira unaondoka ukiwa umesukumwa kidogo kushoto mwa mstari wa fimbo, kwa kuwa ncha imeugonga pembeni ya uzito wake. Baada ya hapo ndipo kitambaa kinaanza kuurudisha kulia. Ule msukumo wa mwanzo haujali sana umepiga kwa kasi gani, lakini mkunjo wa baadaye unajali mno. Piga kwa nguvu, mpira utafika kabla ya kurudi na utapita kushoto mwa shabaha. Piga polepole kwa umbali ule ule, utarudi hadi upitilize kulia. Mtu asiyelijua hili atakosa kushoto, kisha atakosa kulia, kisha atatangaza kwamba meza ina shetani. Fimbo za bei kubwa zenye sehemu ya mbele nyepesi hupunguza ule msukumo wa mwanzo, haziuondoi.

"Inataka nguvu"

Hapa ndipo vijana wanapopotea, na hapa ndipo hesabu ya Coriolis inapomfaa hata asiyependa hesabu. Inua kitako cha fimbo kama unavyotaka kupiga. Kwa macho ya akili, irefushe fimbo ipenye mpira hadi ichome kitambaa upande wa pili. Ishike ile nukta ya kitambaa. Kisha chora mstari kutoka pale mpira ulipokalia hadi kwenye ile nukta. Mpira utaanza safari yake takriban kwa kufuata uelekeo wa fimbo, na ukimaliza kupinda utakwenda sambamba na mstari uliouchora. Mambo mawili tu: wapi unaanzia, wapi unamalizia. Yote mawili yameamuliwa na pembe ya fimbo na mahali ncha ilipogusa. Nguvu haimo.

Nguvu inaamua kitu kingine: mkunjo utatokea mbali kiasi gani. Na inaamua kwa ukali kuliko unavyodhani, kwa sababu ukiongeza kasi maradufu, umbali ambao mpira unatembea kabla ya kumaliza kupinda unakuwa mara nne. Ndiyo maana pigo la nguvu mara nyingi huonekana kana kwamba halikupinda kabisa. Limepinda, ila limekutana na ukingo kabla ya kumaliza. Ubaya mwingine ni kwamba fimbo iliyoinuliwa ikitiwa nguvu huurusha mpira juu, na mpira ulio hewani hauna kitambaa cha kusugua. Unakiruka kizuizi au unakigonga kichwani, na watu wanacheka.

Mkunjo mdogo, ule wa kukwepa nusu ya mpira, unahitaji kitako kiinuke nyuzi 20 au 30 tu na pigo la wastani. Ule mkubwa wa kwenye video, ambapo fimbo inasimamishwa karibu wima na mpira unazunguka nyuma ya mwenzake, haupigwi kwa msuli wa bega hata kidogo. Fimbo inashikwa karibu na katikati yake kwa vidole vyepesi, mkono wa mbele umejengwa juu ya ncha za vidole na kuegemezwa mwilini usitikisike, na uzito wa fimbo wenyewe ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi. Anayekamua fimbo anaubana mpira baina ya ncha na kitambaa, nao unakufa pale pale.

"Zungusha kiwiko unapogonga"

Ncha inakaa juu ya mpira kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kabla mkono haujapata habari kwamba umegonga, mpira umeshaondoka. Kuzungusha kunakuharibia shabaha tu.

"Chaki ndiyo inayoleta spini"

Chaki haileti mzunguko. Inazuia ncha isiteleze. Tofauti ni kubwa. Ncha ya ngozi, ambayo Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuieneza mwanzoni mwa karne ya 19, ilifungua mlango wa kugonga mbali na kitovu. Kabla ya hapo ncha ya mbao ilikuwa ikiteleza tu. Hata hivyo mpaka upo. Ukivuka kama nusu ya umbali kati ya kitovu na ukingo wa mpira, fimbo itateleza hata uipake chaki hadi ibaki buluu yote. Kwenye mpira wa kawaida wa puli, wenye kipenyo cha milimita 57, mpaka huo ni kama milimita 14 kutoka kitovuni. Meza nyingi za kutia sarafu zina mipira midogo kuliko hiyo, basi na mpaka wenyewe unasogea ndani.

Na tafadhali, chaki ya skuli iacheni skuli. Chaki ya puli kwa kweli si chaki: ile iliyosajiliwa Marekani mwaka 1897 na William Spinks na William Hoskins ilitengenezwa kwa silika na madini makali yanayofanana na unga wa msasa, ndiyo yanayoshika.

Kuna na poda. Wachezaji wa keram wanakuja mezani na tabia ya baraza: unga kwa wingi, kila kitu kiteleze. Kwenye keram ni sahihi, kwa kuwa kete inatakiwa iserereke. Kwenye puli poda ni ya mkono wa mbele peke yake, na kidogo, kwa sababu ya jasho la joto letu. Ikimwagika kwenye kitambaa inauondoa ule msuguano unaoutafuta, na mpira utapita juu yake bila kupinda pale ulipopanga.

"Masika mipira inaingia maji"

Mzee mmoja alishika mpira wa meza ya mtaani mwezi wa Aprili, akaupima mkononi na kuhukumu kwamba umelewa unyevu. Angekuwa sahihi zama za babu wa babu yake. Mipira ya biliadi ya karne ya 19 ilichongwa kwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilipita katika soko la Zanzibar kabla ya kusafirishwa London na Marekani. Pembe kweli hunywa unyevu, hutanuka, hata hupasuka. Mipira ya leo ni ya plastiki ngumu isiyokunywa kitu.

Kinachokunywa ni kitambaa, maana kina sufu ndani yake. Wakati wa masika kinakuwa kizito, kinashika, na mpira unaacha kuteleza mapema. Matokeo yake mkunjo unatokea karibu zaidi na ulipopigia na unakwisha upesi. Kitambaa kipya na kikavu hufanya kinyume: mpira unateleza mbali kabla ya kugeuka. Pigo ulilolizoea Januari litakusaliti Aprili, nawe hujabadilisha kitu.

"Ni faulo, tena inachana kitambaa"

Faulo si kweli. Kanuni za kimataifa za puli zinaruhusu kuupindisha mpira, hata snuka, mchezo ndugu wa puli, inaruhusu. Kinachokatazwa kwenye snuka ni kuuruka mpira mwingine. Kuchana, ndiyo, yawezekana, kama ncha imechakaa na fimbo inasukumwa hadi chini. Mwenye meza akiandika ukutani kwamba fimbo isisimamishwe, ana haki yake. Yale madoa meupe unayoyaona kwenye kitambaa, lakini, mengi ni alama za pigo la kufungulia mchezo, mipira inaposuguliwa kwa kasi. Huyo anayeyafanya hakemewi.

"Mchezaji bora ndiye anayepindisha zaidi"

Efren Reyes wa Ufilipino, ambaye mwaka 1994 alikuwa wa kwanza asiye Mmarekani kushinda US Open ya mipira tisa, aina mojawapo ya puli, anasifiwa kwa jinsi anavyotoka akizibwa, na silaha yake kubwa ni ukingo: mpira mweupe unapigwa kwenye kingo moja, mbili au tatu, unakuja kwa nyuma. Ukingo ni hesabu ya pembe tu, hauna mambo ya mwinuko na unyevu. Nionavyo mimi, ukizibwa kwa mpira mzima tafuta ukingo. Ukizibwa kwa nusu au chini ya nusu, pindisha.

Na kwa kujifunza, anza na huo wa nusu. Weka mpira kando ya tundu la kona, mweupe mbali kiasi cha hatua moja, na kizuizi katikati yao kikiufunika nusu tu. Inua kitako nyuzi 20 hivi, elekeza fimbo nje ya kizuizi upande wa kushoto, gusa kulia na chini kidogo ya kitovu, piga kwa wastani. Usitazame kama mpira umeingia. Tazama umeanza kurudi wapi. Ukirudi mapema ukagonga kizuizi, ongeza kasi kidogo. Ukichelewa ukapita pembeni mwa shabaha, punguza. Pembe iache kama ilivyo hadi kasi ikutii.