Upasuaji wa taya na waya za meno: maswali kuhusu hali ya kisaikolojia ya mgonjwa

Upasuaji wa kurekebisha taya ni nini?
Ni kukata mfupa wa taya, la juu, la chini au yote mawili, na kuusogeza ili meno yakutane vizuri. Hufanywa uso ukishamaliza kukua. Waya hufungwa kwanza, mara nyingi mwaka au zaidi, na hubaki miezi kadhaa baada ya upasuaji.

Si urembo tu?
Hapana. Mtu asiyeweza kukata chapati kwa meno ya mbele ana shida ya kiafya.

Wagonjwa hawa wakoje kisaikolojia?
Wengi wana akili timamu kabisa, ila wamebeba mengi. Binti anajibu maswali kiganja kikiwa kimefunika mdomo. Kijana alipewa majina shuleni mpaka akaacha kunyoosha mkono darasani. Wachache huhangaishwa na kasoro ambayo sisi hatuioni hata tukiwasha taa. Hao kisu hakitawaridhisha, watibiwe huo wasiwasi kwanza.

Daktari kaniambia nionane na mwanasaikolojia. Ananiona kichaa?
Hapana. Hapana kabisa. Hapa Dodoma watu wamegeuza jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kuwa tusi, hivyo mtu akitajiwa afya ya akili anadhani anakwenda kufungiwa. Anaitikia "sawa daktari", kisha haonekani tena. Mwanasaikolojia anataka kujua unatarajia nini. Kama unaamini ukishapona mumeo atarudi, tulijue hilo mapema, kwa sababu taya linaweza kunyooka na mume asirudi. Kumwona si ukichaa. Nendeni.

Mwanangu ana wiki ya pili tangu apasuliwe, analia na hataki kioo. Ni kawaida?
Wiki za mwanzo hutokea sana. Uso umevimba, mdomo wa chini una ganzi, meno yamevutwa na raba, chakula ni uji wa uwele uliochujwa na supu, wakati wenzake wanakula ugali na mlenda. Sura anayoiona si ya zamani wala si ile aliyoitarajia. Uvimbe mwingi hupungua ndani ya wiki chache, uliobaki huchukua miezi. Mwambieni hivyo kila siku.

Ila maneno ya "si ulitaka uzuri mwenyewe, vumilia" tunaomba yakome. Yakome leo. Akishaambiwa hivyo hunyamaza, anaacha kula, anavua raba usiku, anakosa kliniki. Mnamleta akiwa amekonda na meno yameanza kupishana.

Tusubiri mpaka lini?
Msisubiri. Hapati nafuu, halali, anajitenga, huzuni imefika wiki mbili: mleteni hata kama tarehe yake bado. Akigoma kula na kunywa, msilaze siku. Akisema anatamani kufa, ni saa hiyohiyo, hata usiku, hospitali yoyote iliyo karibu, na asiachwe peke yake. Maombi endeleeni nayo mkiwa njiani.

Amechoka, anataka waya zitolewe katikati.
Msizitoe nyumbani wala kwa fundi wa mtaani; meno yatasogea tena. Mara nyingi kinachomchosha ni utani wa wenzake, na hilo linazungumzika. Anayetoka mbali, Kondoa au Manyoni, na nauli imekwama, apige simu kliniki. Tarehe hubadilishwa.