Daftari likifungwa ndipo kusoma kunapoanza

Mitihani ya kidato cha nne inapokaribia, pita jioni kwenye baraza za Chake Chake au Wete, hapa Pemba, utawakuta vijana wameinamia madaftari, kalamu za rangi mkononi, wanapiga mistari mpaka ukurasa mzima unageuka njano. Bidii ipo, hilo halina ubishi. Lakini bidii hiyo imesimama juu ya maneno tuliyorithishana bila kuyachunguza, na wanaoyalipia ni watoto wetu.

Lililoota mizizi kuliko yote ni hili: "Soma tena na tena, mwisho kitaingia." Ukiupitia ukurasa mara ya nne macho yanateleza, kila sentensi unaijua, na moyo unakwambia umeshaiva. Kumbe ulichokizoea ni sura ya ukurasa. Kukitambua kitu kilicho mbele yako ni kazi moja, kukitoa kichwani hali hukioni ni kazi nyengine, na chumba cha mtihani kinataka hiyo ya pili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Kundi moja lilisoma kifungu katika vipindi vinne. Jengine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika yote linayoyakumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki mambo yaligeuka: hao walikumbuka kama asilimia 40, na waliojipima kama asilimia 61.

Kwetu hili si geni. Tazama chuoni, watoto wanakohifadhi Qur'ani. Ustadhi hamuulizi mtoto kama amesoma. Humwambia afunge msahafu, asome. Akikwama, humwachia kidogo avute mwenyewe, ndipo amtajie neno. Na akishahifadhi sura mpya hasamehewi za nyuma, kuna muraja'a, yaani kuzirudia alizokwisha kuhifadhi. Mtoto huyo huyo akirudi nyumbani, usiku akafungua daftari la bayolojia, anayaacha yote hayo na kuanza kupiga mistari. Linaniuma jambo hili, maana njia iliyo bora tumekuwa nayo siku zote.

Basi na afanye vile vile. Asome ukurasa mmoja wa mzunguko wa damu, afunge daftari. Achukue karatasi tupu, achore moyo, aandike vyumba vyake vinne, damu inaingilia wapi na kutokea wapi, upande upi unaisukuma kwenye mapafu. Atakwama, pengine kwenye vali. Asikimbilie kufungua, avute kwanza. Kisha afungue, ajisahihishe kwa wino wa rangi nyengine. Penye wino huo ndipo pa kuanzia kesho.

"Nimesahau, basi sina kichwa." Maneno haya yamewavunja moyo watoto wengi, na si kweli. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Alionesha kwamba kusahau huenda kasi sana katika saa za mwanzo, kisha hupungua kasi. Ndivyo kumbukumbu ilivyo, kwa mwerevu na kwa mzito. Alikuta pia kwamba kurudia mara 38 alikokugawa katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 siku moja. Kwa hiyo asiyeweza kukaa saa nne mfululizo, na msimu wa karafuu nani anaweza, asome nusu saa leo, arudie kesho, arudie tena wiki ijayo.

Kukesha nako tumekupa sifa isiyostahili. Huko dahalia, kwenye mabweni ya skuli, anayelala saa nne za usiku huonekana mvivu. Lakini ubongo haulali kama taa iliyozimwa: katika usingizi huyapitia tena mambo ya mchana na kuyatia nguvu. Tangu mwaka 1924 watafiti Jenkins na Dallenbach walionesha kwamba mtu akijifunza kitu kisha akalala, husahau kidogo kuliko aliyebaki macho kwa muda huo huo. Anayekesha kuamkia mtihani anaikata kazi hiyo, na asubuhi anaingia na kichwa kilichochoka.

Ile dhana ya "mimi hujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia" nayo iachwe. Wataalamu walioipitia mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupenda humfanya ajifunze zaidi.

Kuna dhana ya mwisho, ya wazazi: "Mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Wanafunzi wetu wa sekondari wengi hukariri sentensi za Kiingereza wasizozielewa, na jambo lisilo na maana kichwani halina pa kushika. Sasa wewe mama, mwite mwanao huku unachambua karafuu. Mwambie afunge daftari akueleze kwa Kiswahili alichosomeshwa leo. Usipoelewa, muulize "kwa nini?" Akianza kuumauma maneno, hapo ndipo hajapaelewa. Mwache afungue, atazame, kisha afunge akueleze tena.