Vidonge vya majira kwa mfamasia: yanayosemwa na yaliyo kweli katika sheria za Marekani

Dada zetu wengi wanaohamia Marekani wametoka mahali ambapo vidonge vya majira hununuliwa duka la dawa la mtaani bila maswali mengi. Wakifika kule wanaambiwa wamwone daktari kwanza, na miadi huenda ikasubiriwa wiki kadhaa. Kisha wanasikia kuwa siku hizi mfamasia anaruhusiwa kuwaandikia. Ni kweli, ila habari hiyo imebebana na uvumi mwingi, na uvumi huo unamwacha mwanamke bila kinga wakati anaihitaji.

"Marekani nzima sasa mfamasia anatoa vidonge."

Hapana. Kazi ya mfamasia hupangwa na sheria za kila jimbo. Oregon ilitangulia kuanza, tarehe 1 Januari 2016, kwa vidonge na kibandiko cha ngozi. Sindano na pete ya ukeni ziliongezwa baadaye. California ilipitisha sheria yake tangu 2013, lakini utekelezaji ukasubiri hadi Aprili 2016. Leo zaidi ya nusu ya majimbo yana utaratibu wa aina hii, kila moja na masharti yake. Kwa hiyo yaliyomfaa shoga yako wa Portland, mji wa Oregon, huenda yasikufae wewe uliye jimbo jingine.

Hata penye sheria, si kila duka linatoa huduma. Sheria inampa mfamasia ruhusa, haimlazimishi. Piga simu kabla hujatoka nyumbani, na uulize hivi: "Mfamasia wenu anaandika mwenyewe dawa za uzazi wa mpango?" Ukiuliza tu kama wanauza vidonge, utajibiwa ndiyo, maana kila duka huwauzia wenye cheti cha daktari.

"Ni kama kununua Panadol, unalipa unaondoka."

Hapa ndipo ninapotaka watu wasikilize vizuri. Sheria hizi zimepunguza safari ya kwa daktari, hazikuondoa uchunguzi. Ukifika kwenye dirisha la dawa unapewa fomu ya kujaza: unavuta sigara? Umejifungua karibuni? Umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu? Unaumwa kipandauso, na je, hutanguliwa na vimulimuli machoni? Una saratani ya matiti, au uliwahi kuwa nayo? Unatumia dawa gani nyingine? Kisha, kama unataka vidonge vyenye homoni mbili, kibandiko au pete, unafungwa mkanda mkononi na kupimwa presha.

Maswali hayo yana sababu. Homoni ya estrojeni iliyomo kwenye njia hizo huongeza uwezekano wa damu kuganda na wa kiharusi kwa wanawake fulani: mwenye presha ya juu, mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, mwenye kipandauso cha vimulimuli, aliyejifungua wiki 3 hazijapita. Mwanamke wa namna hiyo hakosi njia kabisa. Mara nyingi hupewa vidonge vya homoni moja, visivyo na estrojeni, au hutumwa kwa daktari. Ndiyo maana nasema jaza fomu kwa ukweli hata kama kuna watu nyuma yako kwenye foleni, na kama Kiingereza kinakupa shida omba mkalimani. Kuweka "hapana" kila mahali ili mambo yaishe haraka ni kujihatarisha mwenyewe.

"Lazima upimwe ukeni kwanza."

Kwa vidonge, hapana. Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi ni muhimu kwa afya yako, lakini hakihitajiki ili uanze vidonge. Oregon iliweka sharti la namna nyingine: baada ya kuandikiwa mara ya kwanza na mfamasia, ikipita miaka 3 bila ushahidi kwamba umemwona mtaalamu wa afya, mfamasia haruhusiwi kukuandikia tena. Sheria hiyohiyo inamkataza mfamasia kukulazimisha uweke miadi na yeye mfamasia.

"Binti wa chini ya miaka 18 hawezi kupata bila mzazi."

Inategemea jimbo. Oregon ilianza kwa kumtaka aliye chini ya miaka 18 awe amewahi kuandikiwa na daktari au mtaalamu mwingine, sharti lililokoma mwaka 2020. California haikuweka umri wa chini, na sheria yake inamruhusu binti kuridhia mwenyewe huduma ya kuzuia mimba. Majimbo mengine yamebaki na miaka 18. Mzazi anayesoma hapa aelewe kwamba sheria haimkatazi kuzungumza na mwanawe.

"P2 nayo inatoa mimba, na kule bila cheti huipati."

Yote mawili si kweli. Kidonge cha dharura cha levonorgestrel, wanachokiita P2 Nairobi, huzuia au huchelewesha yai kutoka. Mimba ikishatunga hakiitoi. Marekani kinauzwa bila cheti wala kikomo cha umri tangu 2013, na hakihitaji sheria yoyote ya wafamasia. Kimeze mapema uwezavyo ndani ya saa 72.

"Opill imekuja, sheria hizi hazina kazi tena."

Opill ni kidonge cha kila siku cha homoni moja. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kiuzwe bila cheti Julai 2023, na kilifika madukani Machi 2024 kwa bei ya takriban dola 20 kwa mwezi. Ni hatua kubwa, hasa kwa asiye na daktari. Lakini kinataka nidhamu: ukichelewa zaidi ya saa 3, tumia kondomu kwa saa 48 zinazofuata. Na anayetaka sindano, pete au vidonge vya homoni mbili bado anamhitaji mfamasia au daktari. Kitanzi na kipandikizi huwekwa kliniki.

Tena kuna suala la pesa. Bima nyingi za Marekani hulazimika kulipia njia za uzazi wa mpango zilizoandikwa na mtaalamu, mfamasia akiwemo, bila wewe kuchangia. Mara nyingi kinachobaki mfukoni mwako ni ada ya ushauri ambayo mfamasia anaweza kukutoza, na bima nyingine haziilipi. Iulize kwenye simu ileile, kabla hujajaza fomu.