Dosie ya mtoto mwenye kipawa: wanaochagua wanatafuta nini

Kila mwaka, masomo yakikaribia kufunguliwa mwezi wa tisa, kituoni kwetu hapa Lubumbashi hufika wazazi wenye bahasha mkononi. Wamesikia kuna programu inayopokea watoto wenye vipawa, wanataka tuwasaidie kutayarisha dosie. Karibu kila bahasha ina vitu vilevile: buletini yenye asilimia 90, picha ya mtoto katika suti siku ya proklamasio, barua ya direkta inayosema mtoto ana akili na nidhamu, na siku hizi video ya mtoto akitaja miji mikuu ya Afrika bila kukosa hata mmoja.

Ni vitu vizuri, lakini hakuna hata kimoja kinachoonyesha mtoto huyo anafikiri vipi. Na hilo ndilo wanaochagua wanalolitafuta.

Buletini inaeleza mtoto amefaulu kiasi gani katika yale aliyofundishwa, tena darasani mwake tu. Asilimia 90 ya shule moja ni 70 ya shule nyingine, na kila mwalimu analijua hilo. Kukariri miji nako ni kumbukumbu. Sidharau kumbukumbu, napenda kuwasikiliza watoto hao, ila mtoto wa miaka minne aliyefundishwa kila jioni anaweza kukariri orodha ndefu bila kuelewa hata mji mmoja ni nini. Lakini akiikatiza orodha katikati na kuuliza kwa nini Kinshasa na Brazzaville zinatazamana ng'ambo ya mto mmoja, hapo ndipo pa kuwasha kamera.

Mwaka 1978 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Joseph Renzulli, alieleza kwamba kipawa kinaonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo unaopita wa kawaida, ubunifu, na moyo wa kuing'ang'ania kazi mpaka iishe. Dosie nyingi ninazoziona zinahangaikia la kwanza. La tatu husahauliwa kabisa, ingawa kwa mtoto mdogo ndilo rahisi zaidi kulithibitisha, kwa sababu linaacha alama juu ya kitu chenyewe.

Mama mmoja wa komini ya Katuba alikuja na mwanawe wa miaka sita. Mtoto alikuwa na gari la waya ndani ya mfuko wa plastiki, na mama akataka liachwe mlangoni. Alichotaka tusome ni buletini. Tukaomba gari liingie. Magurudumu yalikuwa yamekatwa kwenye sandali ya mpira iliyochakaa, na usukani ulikuwa waya mrefu unaopanda hadi kifuani mwa mtoto aliyesimama, kama watoto wa hapa wanavyofanya tangu zamani. Hilo peke yake si ajabu, kila avenyu ina mafundi wake wa miaka kumi. Tulichokiangalia sisi ni ekseli ya nyuma. Waya wake ulikuwa na makovu ya kukunjwa na kunyooshwa, kukunjwa na kunyooshwa. Tulipomuuliza, mtoto alieleza kwamba mwanzoni magurudumu yote mawili yalikuwa yamekazwa kwenye waya mmoja, yakizunguka pamoja, na gari likikata kona gurudumu moja lilikuwa linaburuzwa chini. Akabomoa, akafanya kila gurudumu lizunguke peke yake. Mafundi wa magari wanaijua shida hiyo: kwenye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Mtoto hakufundishwa na mtu. Aliliona, likamkera, akarudia mpaka likakubali.

Namna ya kuliweka gari kama lile ndani ya dosie ni nyepesi. Picha moja ya gari zima, na kando yake rula ili ukubwa ujulikane. Picha ya pili ya karibu, ya ekseli ile. Chini yake mistari mitatu au minne: tarehe, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, alilifanya na nani au peke yake, na maneno yake mwenyewe kuhusu kilichoharibika na alivyokirekebisha. Msilinyooshe, msilipake rangi. Makovu ya waya yana thamani kuliko rangi.

Michoro, hesabu na hadithi zifuate utaratibu huohuo. Andikeni tarehe nyuma ya karatasi siku ileile, kwa sababu baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka. Kama mtoto alichora basi moja mara tatu, wekeni zote tatu, hata ile ya kwanza iliyopinda. Kazi sita au nane zinatosha. Dosie nene humchosha msomaji, na anayechoka husoma kurasa za mbele tu. Tena, tafadhali, mkono wa mtu mzima usiguse. Mstari ulionyooka mno na herufi zinazolingana huonekana mara moja, na zikionekana kwenye karatasi moja, karatasi zote nyingine hutiliwa shaka.

Wapo wazazi wanaosema mtoto wao hatengenezi kitu, hachori, anasaidia tu kuuza. Basi chukueni biki mwende naye mezani. Mama mmoja anauza makala (makaa ya kupikia), fungu franga 500. Mteja amechukua mafungu matatu, ametoa noti ya 5.000. Binti wa miaka sita na nusu hakusema kwamba anatoa 1.500 kwenye 5.000. Alitoa kwanza 500, akasema sasa tuko kwenye 2.000, halafu akaongeza noti tatu za 1.000 mpaka akafika 5.000. Jibu la 3.500 wangelipata watoto wengi wa soko. Kilichostahili kuandikwa ni njia aliyopita, na kwamba kesho yake alitumia njia hiyohiyo kwa bei ambayo hajawahi kuiona. Maelezo kama hayo, yakiandikwa na mama mwenyewe kwenye nusu ukurasa wa kaye, yana uzito kuliko cheti chenye muhuri.

Andikeni maneno ya mtoto kama alivyoyatamka. Mtoto akiuliza, «Juu ya nini mwezi iko inatufwata?», msimsahihishe kwenye karatasi, wala msimgeuzie Kifaransa cha mtu mzima. Kama programu inataka Kifaransa, tafsiri ikae chini na maneno yake yabaki juu. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili nyumbani na kusomeshwa kwa Kifaransa shuleni anaweza kuonekana mzito akipimwa kwa Kifaransa peke yake. Kwa sababu hiyo baadhi ya wapimaji hutumia vipimo visivyohitaji maneno, kama vile vya Mwingereza John Raven vilivyotolewa mwaka 1938. Mtoto anaonyeshwa mchoro wenye pengo, anachagua kipande kinachoujaza. Toleo la rangi, la watoto wa miaka 5 hadi 11 hivi, lina maswali 36. Mtu akiwauzia fotokopi za vipimo hivyo ili mtoto ajizoeze, msinunue: mtoto aliyezoezwa hupata alama zisizo zake, na mpimaji mzoefu huligundua.

Alama za vipimo zenyewe zisiwatie kiburi wala hofu. Mwaka 1921 Lewis Terman wa chuo kikuu cha Stanford alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi huko California kwa kipimo cha IQ, yaani cha akili, akakusanya zaidi ya 1.500. Kati ya waliopimwa wakaachwa kwa kuwa alama hazikufika, wawili walikuja kupata tuzo ya Nobel ya fizikia: William Shockley mwaka 1956 na Luis Alvarez mwaka 1968. Katika wale aliowachagua hakuna hata mmoja aliyeipata.

Video iwe ya dakika mbili au tatu, mchana, karibu na dirisha, simu ikiegemezwa mahali isitikisike. Mikono ya mtoto ionekane na sauti yake isikike. Muziki wa nini? Kinachoharibu video nyingi ni sauti ya mzazi nyuma ya simu akinong'ona jibu, au akisema «haraka, haraka». Mtoto akinyamaza sekunde ishirini akifikiri, acheni hizo sekunde zibaki. Mkiituma kwa WhatsApp, itumeni kama dokima (document), la sivyo itapunguzwa ubora. Na isipite Facebook kabla: uso, jina kamili na yunifomu ya shule vikikaa pamoja mbele ya kila mtu, mmemwonyesha mtoto kwa watu msiowajua.

Barua ya mwalimu iombeni mapema, kwa heshima, mkijua ana darasa lililojaa. Msimwombe sifa. Mwombeni tukio moja: siku gani, somo gani, mtoto aliuliza au alifanya nini, darasa lilifanya nini. Sentensi tano za namna hiyo zinatosha.

Jambo linalokwamisha dosie nyingi mjini kwetu wala si kipawa, ni cheti cha kuzaliwa. Programu za watoto wadogo hulinganisha kila kitu na umri. Kusoma gazeti ukiwa na miaka minne na kulisoma ukiwa na saba ni habari mbili tofauti. Sheria ya Kongo inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye eta-sivili, ofisi ya komini inayoandika waliozaliwa. Zikipita, inabidi kupata hukumu ya mahakama ya watoto, na hiyo huchukua muda, kwa hiyo anzeni hapo kabla ya kupiga picha hata moja. Wazazi wanaopunguza miaka ya mtoto ili aonekane wa ajabu hukamatwa na meno: mtoto akicheka, mpimaji anaona yale ya mbele yameshang'oka.

Anayeomba pesa kwa simu «ili kulinda nafasi» kabla dosie haijasomwa, mkatieni mawasiliano.

Mtoto akiitwa kuonana na wapimaji, asiambiwe kwamba anakwenda kushindana wala kwamba jamaa yote inamtegemea. Mwambieni kuna watu wanataka kuona vitu anavyotengeneza. Alale mapema, ale, avae nguo anazoweza kukaa nazo chini sakafuni. Kama haelewi swali kwa Kifaransa ana haki ya kuomba aulizwe kwa Kiswahili, na hilo mwambieni mpimaji mlangoni, mbele ya mtoto, ili asione haya. Na mkiulizwa kama mzazi anapenda kuingia naye, semeni mtangoja nje.