Je, wajua kwa nini kisu kilichopigwa tupa hubaki na kitumbo?

Chukua kisu kilichotengenezwa kwa mkono, laza ubapa wake juu ya kipande cha kioo, kisha kiinue usawa wa macho ukitazama dirishani. Mara nyingi utaona mwanga ukipenya pembeni: katikati kumegusa, kingo zimeinuka. Fundi amekipiga tupa saa nzima, na ukikitazama hivi hivi kimenyooka.

Kitumbo hicho kimetoka mkononi. Msukumo unapoanza, sehemu kubwa ya tupa iko upande wa fundi, hivyo mpini huzama na tupa kula ukingo wa karibu. Unapoishia, ncha imetokeza ng'ambo, nayo huzama na kula ukingo wa mbali. Tupa inacheza pembea, na katikati ndiko kunakosalimika. Kuongeza bidii hakusaidii. Kitumbo kinazidi tu.

Dawa yake ni kuuondolea mkono kazi ya kuamua. Bandika msasa juu ya kioo kinene, paka ubapa wote wino wa maka peni, kisha usugue mara tano sita tu na ugeuze. Palipong'aa ni kilima, palipobaki weusi ni bonde. Endelea mpaka weusi uishe. Msasa lakini ukaze: ukilegea hujikunja kama wimbi mbele ya kisu na kuzilamba kingo upya, na hapo umerudi ulikotoka. Na usijisumbue kumaliza kabla ya kukipasha moto na kukizamisha kwenye mafuta, maana chuma kikipoa ghafla hupenda kupinda.

Kwa nini kioo? Kioo cha dirisha cha siku hizi hutengenezwa kwa kuelea juu ya bati lililoyeyushwa, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. Kimiminika kikitulia hujisawazisha chenyewe, na kioo hutoka bapa.

Basi kabla ya hapo ubapa wa kupimia ulipatikanaje? Ukisugua vinoo viwili, kimoja juu ya kingine, vitashikana barabara lakini vitakudanganya: cha juu huingia ndani, cha chini hutoa kitumbo. Mwaka 1840 Joseph Whitworth, fundi wa mashine wa Uingereza, alieleza mbele ya wanasayansi mjini Glasgow jinsi ya kutumia bamba tatu. Bamba la kwanza likiwa na kitumbo, la pili na la tatu yanayolishika yote mawili yatakuwa na bonde, na ukiyakutanisha yenyewe yatagusana kingoni tu. Uongo unafichuka. Unakwangua vilima, unabadilisha jozi, mpaka yote matatu yakubaliane, na hilo haliwezekani ila yakiwa bapa.

Wahunzi wa Japani walipita njia ya mkato. Upande wa nyuma wa visu vyao vyenye makali ya upande mmoja huchimbwa bonde kwa makusudi, ili jiweni paguse ukingo mwembamba tu. Kusawazisha ukingo ni kazi ya dakika chache.