Jiwe la Bismarck si mnara wa Wajerumani

Mgeni akifika karibu na kivuko cha Kamanga, jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, hachelewi kuambiwa kwamba yale mawe yaliyobebana majini, yaitwayo Jiwe la Bismarck, yalipangwa na Wajerumani ili walinde ziwa. Si kweli, na inaniuma kuisikia, maana ukweli wenyewe ni mzito zaidi.

Wajerumani walifungua kituo Mwanza miaka ya 1890, wakaliita jiwe hilo kwa jina la Otto von Bismarck, kansela wao tangu 1871 hadi 1890. Basi. Mawe yenyewe ni itale (graniti) iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Mwamba ulikuwa na nyufa, za wima na za ulalo. Maji yakapenya humo na kuulainisha, hasa kwenye pembe, kwa kuwa pembe huliwa kutoka pande kadhaa. Kilicholegea kikasombwa, viini vigumu vikabaki, kimoja juu ya kingine. Sogea uangalie jiwe la juu linapokalia la chini: hakuna chokaa wala alama ya patasi.

Mnara wa ulinzi hasa ni kama ule wa Mortella, kwenye kisiwa cha Corsica huko Ulaya, uliozifukuza manowari mbili za Uingereza mwaka 1794: kuta nene, chumba cha askari, mizinga juu. Hapa hakuna hata mlango.

Kama bado una shaka, inua macho uone vilima vya Bugando, au vuka kwenda kisiwa cha Saanane. Mawe yamebebana vilevile, na hakuna anayesema yalipangwa na mtu.